Miiba Niliyoituma Zagayu

Leipzig, mwisho wa mwezi wa tisa

Mwadila, baba.

Shikamoo. Nimeanza na salamu ya nyumbani kwa sababu huku sina wa kuniitikia. Kuna asubuhi naisema peke yangu nikifungua dirisha, kisha najisikia kama mtu aliyeongea na ukuta. Goti la mama linaendeleaje? Mdogo wangu Limi aliniambia ameanza tena kwenda kanisani kwa miguu na amekataa kubebwa kwenye baiskeli ya katekista. Na mawingu je? Yameanza kujikusanya upande wa ziwa, au bado ni vumbi tupu mpaka Lagangabilili?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na baridi yao haijaanza kuuma. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani, na kila nikishika simu nikuambie, nashindwa. Simu yako, baba, ni ya nyumba nzima. Ukiipokea unaiweka juu ya stuli, sauti hadi mwisho, na kila anayepita njiani anaingia kunisalimia na kuniuliza kama huku kuna ugali. Napenda hivyo siku nyingine zote. Safari hii nimeona niandike kwa mkono. Nimezipiga picha karatasi hizi, Limi atazichapisha pale stesheneri jirani na duka la dawa anapofanyia kazi Bariadi, na Jumamosi atakuletea. Nimemwomba asizisome. Najua atazisoma.

Wewe zisome peke yako kwanza. Mbele utaona kwa nini nimesema kwanza.

Baba, nimesikia habari za miiba.

Wiki iliyopita Limi alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anatembea, namsikia anahema. Alisema, "Dada, baba yako amezungushia ngitili yote, malisho yote ya akiba. Amekata migunga, amelaza matawi upande wa njia na upande wa korongo, hata mbuzi hapenyi. Shangazi, Sengi wetu, amekuja na ng'ombe zake kama kila mwaka, akasimama pale nje akaita, 'Masunga, fungua, ndama wamechoka.' Baba akamjibu kwa sauti watu wasikie, 'Mrusi hapiti hapa!' Watu wakacheka. Sengi naye akacheka, dada. Akasimama kusubiri utani uishe. Haukuisha."

Nilikuwa jikoni, katika nyumba tunayopanga wanafunzi wengi pamoja. Mtu mmoja alikuwa anakaanga mayai. Nilizima simu nikasimama nikimwangalia anavyoyageuza, mpaka akaniuliza kama nina njaa.

Neno hilo, Mrusi, ni mimi niliyelileta Zagayu. Na miiba ni mimi niliyeituma. Nataka nikueleze ilivyotokea, bila kujipunguzia chochote.

Mwezi wa sita, ninyi mkichuma pamba, sisi tulikuwa kwenye somo la vita baridi. Nimewahi kukueleza kidogo. Baada ya vita kuu ya dunia, ile iliyompeleka babu mpaka Burma, wakubwa wawili walioshinda pamoja waligeukiana, Marekani na Urusi. Mmoja alisema kila mtu na chake, mwingine akasema mali iwe ya wote chini ya chama. Hawakupigana uso kwa uso, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mabomu ya kummaliza mwenzake na kujimaliza mwenyewe. Wakapigania kwenye nchi za wengine. Marekani ikaona kwamba ukomunisti haitaweza kuung'oa pale ulipokwisha kuota, ila isiuache usogee mbele. Ikauzungushia: majeshi hapa, urafiki pale, fedha kwa huyu, bunduki kwa yule. Warusi nao wakajenga uzio wao. Mji huu ninaokaa ulikuwa ndani ya uzio huo wa Warusi, na wazee wa hapa mpaka leo wakikutana kwenye benchi wanajuana nani alikuwa anamchunguza nani.

Darasani mimi ni mtu wa kukaa kimya. Wewe ulinizoea nikisoma kwa sauti uani mpaka kuku wanakimbia. Huku sivyo. Wenzangu wanaongea wakiwa wameegemea viti kana kwamba vitu hivyo vilitokea sebuleni kwao. Ikifika zamu ya Afrika, wanaitaja kama kiwanja cha mpira: wanakuambia habari za timu mbili, mwenye kiwanja hatajwi. Mara nyingi nilikuwa na la kusema. Lilikuwa likifika kooni, naanza kulipanga kwa Kiingereza, na nikimaliza kulipanga wao wako mbali.

Siku hiyo profesa wetu, mwanamke mpole mwenye nywele nyeupe tupu, alinigeukia. "Minza, kwa lugha yenu hii sera ya kuzungushia mnaiitaje?"

Kwa Kiswahili cha vitabuni ni sera ya kuzuia kuenea kwa ukomunisti. Maneno marefu, makavu. Niliyasikia yakifika mdomoni na kulala palepale. Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ngitili."

Sikuwa nimelipanga, baba. Lilitoka lenyewe, kama unavyoita jina la mtu wa nyumbani ukipotea njia.

Wakaniuliza ngitili ni nini. Nikawaeleza yale ambayo wewe huhitaji kuelezwa: kwamba ni eneo la malisho tunalolifunga mvua zikianza, hakuna ng'ombe anayeingia, nyasi zinakua mpaka kiunoni na kukaukia pale pale, zikisubiri kiangazi. Mpaka hapo nilikuwa nimesema kweli. Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa naandika haya.

Kijana mmoja akauliza, "Mnailinda dhidi ya nani?" Swali lake lilikuwa na adui ndani yake tayari, lilikuwa linasubiri jina tu.

Nikasema, "Dhidi ya ng'ombe wa adui."

"Kuna uzio?"

"Wa miiba."

"Na walinzi?"

"Wapo. Wana mikuki."

Mikuki, baba! Ngitili yetu haijawahi kuwa na uzio tangu nizaliwe. Ina minyaa michache upande wa nyumbani, ambayo mama anaanikia kanga zake, na kwingine kote ina mpaka usioonekana ambao kila mtu anaujua. Watu wanauheshimu kwa sababu wanajua siku ya kufungua itafika na wao wataingia. Kwanza ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia, halafu ndugu yeyote anayekuja kuomba. Nimechunga humo. Najua harufu ya zile nyasi siku ya kwanza ng'ombe wakiingia, na nyuso za watu siku hiyo. Nilizijua hata wakati mdomo wangu unasema mikuki.

Profesa aliandika neno letu ubaoni kwa herufi kubwa. Huku darasani watu hawapigi makofi. Wakifurahia jambo wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Walinigongea. Sijui nikuelezeje sauti ile. Ilikuwa kama mvua ya kwanza kwenye bati, na mimi nilikuwa nimekaa bila mvua muda mrefu sana.

Alasiri hiyo hiyo nikakupigia. Nadhani unakumbuka kila neno, kwa maana Limi anasema umelisimulia mnadani mara nyingi, ila acha niliandike hapa kama lilivyokuwa.

Nilisema, "Baba, ngitili yako iko ubaoni Ujerumani!"

"Ngitili? Hii ya kwangu?"

"Hiyo hiyo."

"Wanaisemaje?"

"Wanasema ni akili kubwa. Wamarekani walifanya hivyo hivyo kuwazuia Warusi."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukanikumbusha mlivyokuwa mkiimba shuleni kuwalaani mabeberu, na bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akamfungia beberu wake ndani ya nyumba akidhani serikali imewachukia mbuzi madume na inakuja kumchukua. Kisha ukasema, "Basi mimi ni Mmarekani kamili! Na huyu Sengi yako anayenijia kila kiangazi na ng'ombe zake, ndiye Mrusi?"

Nami nikasema, "Ndiye, baba. Mzuie."

Nililisema nikicheka. Nilikuwa na furaha ya kugongewa meza, na furaha ile ilikuwa inatafuta mahali pa kwenda. Lakini nilisema, Mzuie. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi nikitafuta namna ya kulifanya liwe dogo. Nikikumbuka kwamba wewe unaniamini katika mambo ya vitabu kuliko unavyojiamini mwenyewe, neno linazidi kuwa kubwa.

Halafu nikaendelea mbele. Profesa akaniomba niiandike ngitili vizuri, iwe makala katika kitabu anachokihariri. Akasema kwa makala hiyo ataweza kuniombea nafasi ya kubaki na kusomea udaktari. Hilo nalo nilikuambia, na Limi anasema Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua. Niliandika kwa moto mwingi. Miiba ikawa mirefu zaidi, walinzi wakaongezeka. Siku ya kufungua sikuiandika. Niliiacha nje kabisa, baba, kwa sababu ingeingia ingeangusha makala yote.

Nina rafiki hapa anaitwa Hana. Anatoka Korea. Siku ya kwanza alipojitambulisha nilicheka kimoyomoyo nikijiuliza, hana nini? Nikamweleza, naye akacheka sana, akasema kwao jina hilo maana yake ni moja. Korea ni mahali ambapo ile vita baridi ilikuwa vita hasa, yenye maiti, na uzio ulipita katikati ya nchi moja, ukagawa watu wa lugha moja na makaburi mamoja. Uzio huo upo hadi leo. Bibi yake Hana aliacha kaka yake upande wa pili. Kila sikukuu anamwekea bakuli mezani, na hajui kama yu hai.

Nilimpa Hana makala anisomee kabla sijaikabidhi. Tulikaa nje ya maktaba, kwenye majani. Akaisoma pole pole. Alipomaliza akauliza, "Wale ng'ombe walio nje, kiangazi wanakula nini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Kiangazi tunafungua."

"Mnawafungulia wote?"

"Ndugu na majirani. Ndiyo kazi yake. Inafungwa ili ije ifunguliwe."

Hana akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Hapa hujaandika."

"Nikiandika hapa, haitakuwa sawa na ile ya Wamarekani."

"Ndiyo," akasema.

Nikamwomba asimwambie mtu. Nilimwomba hivyo, baba, kwa maneno haya haya, mtu ambaye bibi yake anaweka bakuli mezani. Hakunisema vibaya. Alinirudishia karatasi zangu na kusema, "Sisi tungependa sana kuwa na neno kama hilo." Akaondoka kwenda darasani.

Nilikabidhi makala kesho yake.

Sasa unaelewa nilikuwa nimesimama wapi ujumbe wa Limi uliponifikia. Nilidhani nimesema uongo mbali, mahali ambapo hakuna wa kuumia. Nilidhani Zagayu ni Zagayu na ubao ni ubao. Sikujua kwamba wewe umeusikia ule uongo ukauona ni heshima, ukachukua panga ukaenda kukata migunga ili ngitili yako ifanane na ile iliyosifiwa Ulaya. Najua hukumfungia Sengi kwa uchoyo. Wewe si mchoyo. Ulitaka mwanao awe amesema kweli.

Limi alinieleza yaliyofuata, na nayaandika usije ukadhani sijui. Sengi alipoona utani hauishi, aliwageuza ng'ombe wake kuelekea Mwamapalala, kwa wale watu uliogombana nao kuhusu mpaka wa korongo. Wale wamempokea kwa mikono miwili. Wanamwita mgeni wao, wanamkatia nyasi, na nasikia kila anayepita wanamwambia kwamba Masunga amemfukuza dada yake. Yule ng'ombe wake mwekundu aliyezaa majuzi alianguka njiani kabla ya kufika. Hawakuweza kumwinua. Ndama wake ananyweshwa kwa chupa.

Mama aliwahi kuniambia kwamba alipougua baada ya kunizaa, Sengi alikuwa akiniletea maziwa kila asubuhi kutoka kwa ng'ombe mwekundu wa kwao. Huyu aliyeanguka ni wa uzao ule.

Na tangu hapo baba mdogo hakanyagi kwako, mama anamtumia Sengi salamu kupitia kwa wanakwaya ili wewe usijue, na kwenye harusi ya juzi wa Mwamapalala walikaa upande wao na wetu upande wetu. Nilipokuwa namsikiliza Limi akitaja nani hamsalimii nani, nilitambua kitu. Ndilo somo langu. Ndivyo vitabu vyangu vyote vinavyosema, mkubwa anazungushia, aliyezuiwa anatafuta rafiki wa upande wa pili, na kila mtu katikati anaambiwa achague. Nimelisoma miaka yote hii, halafu nimelipanda nyumbani kwetu kwa simu moja, nikicheka.

Nilikwenda kwa profesa. Nilimwambia ngitili niliyoiandika haipo. Nilimweleza ilivyo kweli, pamoja na siku ya kufungua, na nilimweleza pia habari za Sengi.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Minza, mfano si lazima ufanane kila mahali."

Nikasema, "Huu unafanana pale tu nilipodanganya."

Akasema, "Ukiitoa makala, sina cha kuionyesha kamati. Nafasi watampa mwingine. Fikiri mpaka Jumatatu."

Usinione jasiri, baba, maana hapo nilifikiri kweli. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nje ya ofisi yake, na kilichonijia kwanza kilikuwa namna ya kuiokoa makala. Ningebadilisha sentensi chache. Ningeandika baadhi ya ngitili. Ningeandika inasemekana. Nilikuwa nimeshazipanga hizo sentensi, na zilikuwa nzuri. Halafu nikamwona Sengi amesimama nje ya miiba, anacheka pamoja na wanaomcheka, anasubiri. Nikarudi ndani nikasema naitoa. Jumatatu haikufika.

Siku iliyofuata nilimtafuta Hana nikamwambia. Alinikumbatia tu. Sikustahili, lakini nilikaa pale.

Kwa hiyo sijui kama nitabaki huku. Huenda mwakani nikarudi na shahada niliyoijia huku, bila ule udaktari uliowatangazia kanisani, na watakuuliza mnadani, "Mmarekani, binti yako vipi?" Hilo nalo ni langu nimelitwika mabegani mwako, naomba radhi. Waambie ukweli. Waambie binti yako alisema uongo juu ya ngitili. Ni afadhali wanicheke mimi kuliko unitetee.

Sasa ombi langu, na naliomba nikiwa nimepiga magoti, ingawa huoni.

Wewe na mimi tunajua mpaka wa ngitili ile ulitoka wapi. Ulinisimulia mwenyewe nikiwa bado nasoma sekondari. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, ngitili ya babu ilikufa, ikawa ya kila mtu na haikuwa ya mtu, na mlipoanza kurudi kwenye maeneo yenu ya zamani wewe hukuikumbuka, ulikuwa mdogo wakati wa kuhama. Aliyekutembeza pale ni Sengi. Alikuonyesha, hapa palikuwa na kichuguu, hapa baba aliweka jiwe, hapa tuligeuza ng'ombe. Ngitili yako yote ilikuwa imehifadhiwa kichwani mwake. Wewe umemzuia asiingie mahali ambapo bila yeye usingepajua. Nakuambia hivi kwa heshima yote, baba, na najua aliyeanza si wewe.

Toa miiba. Itoe yote, hata ile ya upande wa korongo. Usimtume mtu Mwamapalala, nenda mwenyewe, na uende mchana, wale jamaa wa korongo wakuone. Watakuchokoza, wavumilie. Usimwite Mrusi, hata kwa kutaka kumchekesha. Mwite dada. Umwambie nyasi bado zipo na ng'ombe wake wataingia kwanza, kabla ya wako, na ndama yule wa chupa awe wa kwanza kuliko wote.

Halafu toa barua hii umsomee. Macho yake hayawezi mwandiko wangu, na ni wewe unayepaswa kumsomea. Anza mwanzo. Ukifika pale niliposema Mzuie, usipite haraka na usipunguze sauti. Lisome kama nilivyolisema, ajue limetoka kwangu, kwa mtoto ambaye yeye alimnywesha maziwa. Akinikasirikia ana haki. Akitaka kunitukana, nipigie simu uiweke kwenye stuli kama kawaida yako, sauti juu, nami nitasikiliza mbele ya wote watakaokuwepo.

Nisalimie mama, mwambie asitume tena salamu za siri kwa kupitia kwaya. Msalimie baba mdogo, na mzee wa sungusungu wa kitongoji chetu, ambaye nimemshikisha mkuki mbele ya Wazungu na hajawahi kushika zaidi ya fimbo na tochi. Msalimie katekista na baiskeli yake. Ukipita Bariadi siku ya mnada, mfikie mwalimu wangu wa historia, yule mstaafu anayekaa karibu na kiwanda cha pamba. Alikuwa akituambia tusiandike tusichokijua. Mwambie mimi niliandika nikijua, ni kosa jingine, na hakuwahi kutufundisha jina lake.

Limi anasema ataleta karatasi hizi, na kwa simu yake atapiga picha. Nimemwambia asipige ya watu. Nataka moja tu, ya upande wa nyumbani, nione minyaa na kanga za mama, na nyuma yake isiwepo miiba.

Ni mimi binti yako,
Minza